Hodi Tatu, Kisha Urudi



Nilipoombwa niandike jambo la historia kwa toleo hili, nilidhani nitaandika juu ya vita vya Badr au Fat-hu Makka, kama ilivyo kawaida yetu kila mwezi wa Ramadhan ukiingia. Lakini kuna neno moja la mamangu limenikaa rohoni, na nimeona heri nianze nalo hilo.

"Pole ya nini?"

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, miaka miwili iliyopita. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka letu hapa Oltepesi, anampimia mtu sukari. Simu ikalia. Mwanamke mmoja wa Kitengela, ambaye hawakuwa wameonana miaka kama mitatu, amemwandikia: pole sana dada kwa msiba, Mungu awape subira. Mama hakujua ni msiba upi. Ndiyo kwanza alikuwa amenunua bando, na huku kwetu kwenye barabara ya Magadi mtandao huja na kuondoka upendavyo. Akamuuliza yule dada, pole ya nini? Kabla hajajibiwa akafungua kundi letu la jamaa la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia kuanzia Mombasa mpaka Muscat, na humo ndimo alimokuta kwamba mamake amefariki tangu saa mbili na nusu asubuhi. Chini ya tangazo palikuwa na pole arubaini na kitu.

Moja ya hizo pole ilikuwa yangu. Nilikuwa darasani Nairobi, simu iko chini ya meza. Nikaona tangazo, nikaandika dua, nikaweka na ile picha ya viganja viwili, nikaendelea kumsikiliza mwalimu. Ilinichukua kama dakika ishirini nzima kufahamu kwamba huyu nyanya aliyefariki ana binti, na binti mwenyewe ni mamangu, na huenda hajui. Nilipotoka nje kumpigia, simu yake ilikuwa inatumika.

Sasa, sitaki mtu adhani naandika kuilaani simu. Khutba za kuilaani simu tumezisikia nyingi, na nyingine tunatumiwa kwenye simu hiyo hiyo. Mimi ni mwanafunzi wa historia, na swali langu ni la historia: zamani habari kama ile ilikuwa inamfikiaje mtu? Ilipita mlango gani?

Nianze na mlango wenyewe. Nyanya alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na upande wa mamake walikuwa watu wa Lamu. Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu atakumbuka kwamba huingii tu. Kwanza kuna daka, ile sehemu ya mbele yenye viti vya mawe vya kukalia. Ukipita daka kuna tekani, njia fupi yenye kona, ili aliyesimama mlangoni asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua, na baada ya hapo ndipo vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine mpaka ndani kabisa walipo wenyewe. Mgeni wa biashara huishia daka. Rafiki hupita. Ndugu hufika ndani. Ukiitazama nyumba ile utaona kwamba waliojenga walikuwa wanaijenga hodi kwa mawe na chokaa.

Na hodi haikuwa kelele ya kujitangaza. Sote tulisoma madrasa ile kisa cha Abu Musa al-Ash'ari (R.A.). Alikwenda kwa Sayyidna Umar (R.A.), akabisha mara tatu, hakuitikiwa, akaondoka zake. Umar alipomwita baadaye na kumuuliza kwa nini amerudi, akasema hivyo ndivyo alivyofundishwa na Mtume (S.A.W.): ni hodi tatu, usipopewa ruhusa urudi. Umar akamtaka alete shahidi, na Abu Said al-Khudri akasimama kumshuhudia. Maalim wetu alikuwa akituhimiza tuhesabu mpaka tatu. Mimi nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba uzito wa kisa uko kwenye kule kurudi. Abu Musa hakukasirika, hakusema Umar ana maringo, wala hakubaki kuchungulia dirishani. Na Sura An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, inaweka yote mawili: kuomba ruhusa na kutoa salamu, na pia kukubali kurudi ukiambiwa rudi. Yaani mwenye nyumba ana haki ya kutojibu. Tuiweke haki hii akilini, tutairudia.

Msidhani haya ni ya watu wa pwani peke yao. Jirani zetu hapa ni Wamaasai, na sisi watoto wa duka tumekua tukiona adabu zao. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mzee kichwa aguswe utosini. Mwanamke husalimiwa "takwenya" naye hujibu "iko". Wanaume husema "sopa" na "epa". Na salamu ikiisha ndipo zinaanza habari, wanazoziita ilomon, na ilomon haziharakishwi: mtu anaeleza ametoka wapi, amepita wapi, ng'ombe wako vipi, mvua imenyesha wapi, mpaka afike kwenye lile lililomleta. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nachoka kusubiri. Nilikuwa nataka mzee aseme tu kama anataka majani ya chai au betri.

Na mtu asiseme kwamba watu wa zamani walikaa kisiwani hawana mawasiliano. Hapo mbele yetu kidogo ni Olorgesailie, ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba miaka ya 1940. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha kwamba watu walioishi hapo karibu miaka laki tatu iliyopita walikuwa na mawe meusi ya kioo yaliyotoka kilomita 25 hadi 50, na mengine mbali zaidi. Wataalamu hao wanaona ni dalili ya watu wa mbali kubadilishana vitu. Lakini jiwe lile, hata likipita mikono kumi, kila mara lilitoka mkononi mwa mtu likaingia mkononi mwa mtu.

Barua nayo ilikuwa na daka lake. Barua za Kiswahili za hati za Kiarabu zipo tangu mwanzo wa miaka ya 1700. Kuna za Kilwa zilizohifadhiwa mpaka leo kule Goa. Mtu akizisoma barua za zamani za pwani hukuta mistari na mistari ya sifa, salamu na dua kabla mwandishi hajasema shida yake. Wengine huona ni maneno ya kupoteza wino. Mimi naona ni mtu yuko tekani, hajafika uani bado.

Kilichoanza kuvunja hayo ni telegramu. Waya wa baharini ulifika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden, na Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896 waya ulikwenda nayo bara, ukafika Nairobi, na miaka ya 1910 tawi la reli likapita Kajiado kwenda kuchukua magadi. Telegramu ililipiwa kwa neno. Ukiandika salamu kamili unalipia salamu kamili, basi watu wakaiacha. Kwa hiyo wale wanaosema kijana wa leo ndiye wa kwanza kufupisha salamu hawakuangalia nyuma vizuri.

Ila telegramu ilikuwa na jambo moja: ililetwa na mtu. Nyanya alituhadithia sana habari ya telegramu ya kifo cha kakake, miaka ya 1960. Yule tarishi wa posta alipofika mtaani hakwenda mlangoni kwake. Aliwapa wazee waliokaa barazani. Wazee wakasoma, wakanyamaza, wakamtuma mtoto akamwite bibi mmoja mtu mzima wa mtaa. Bibi akaja, akapiga hodi kwa nyanya, akaingia, akaomba maji, akakaa, akauliza hali ya watoto mmoja mmoja. Wakati huo wanawake wengine wawili watatu wanaingia mmoja mmoja kama waliopita njia tu. "Nilijua," nyanya alikuwa akisema, "nilipoona wamekuwa wanne nilijua. Lakini nilikuwa nimekaa chini, na mkono wangu ulikuwa umeshikwa." Kutoka barazani mpaka mlangoni kwake ni hatua kama thelathini. Telegramu iliyotoka Dar es Salaam upesi ilichukua karibu saa nzima kumaliza hatua hizo.

Redio haikuwa na subira hiyo, na lazima tuseme ukweli. Sauti ya Kenya, iliyorudia jina la KBC mwaka 1989, ilikuwa na vipindi vya salamu, watu wakinunua kadi na kutuma salamu kwa majina ya kujipachika, jambo zuri kabisa. Lakini ilikuwa na matangazo ya vifo pia. Watu wengi wa bara walisikia jina la baba au dada yao kwenye redio ya hoteli wakiwa na kikombe cha chai mkononi. Kwa hiyo mtu kupata msiba wake mbele ya umati hakukuanza na WhatsApp.

Tuje kwenye simu ya mkono. Kampuni mbili, Safaricom na Kencell, zilianza kazi kwa nguvu mwaka 2000. Kabla ya hapo simu ya nyumbani ilikuwa ya wachache. Gharama ilikuwa kubwa, kadi watu wanaikwangua kwa roho ngumu, na kutokana na ufukara huo likazaliwa jambo ambalo mimi naliona ni la ajabu: kufleshi. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Babangu anasema kila nyumba ilikuwa na mapatano yake. Mlio mmoja ni nimefika salama. Miwili ni nipigie. Aliyefleshiwa ana hiari, akiwa na nafasi na pesa atapiga, asipopiga hapana lawama. Hiyo, ndugu zangu, ilikuwa ni hodi! Watu hawakufundishwa na kampuni. Walikuta chombo hakina mlango wakakitengenezea.

SMS ilikuja na herufi 160 tu, na hapo salamu ikapata ajali. "Asalaam aleikum" ikawa herufi tatu nne ambazo hata hazisomeki, na wenzetu wakawa wanaandika "xaxa" badala ya "sasa". Masheikh walikemea na walikuwa na haki, maana salamu ni dua na dua haikatwi kichwa na miguu. Lakini herufi zile zilikuwa zinauzwa. Leo herufi ni bure na bado tunakata, hapo hatuna udhuru.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona upande mwingine. SMS za chuki zilipita simu hadi simu, na mwanzo wa 2008 watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi walisoma usiku maneno ambayo hakuna ambaye angethubutu kumtamkia jirani yake usoni. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa. Siingii sana hapo, wengi mnayajua kuliko mimi niliyekuwa mchanga.

Kilichobadilisha mambo hasa ni bei. Mwaka 2009 nyaya kubwa za intaneti za baharini zilifika Mombasa, na mwaka huo huo WhatsApp ikaanzishwa huko Marekani. Polepole bando likashuka mpaka kijana wa Oltepesi akaweza kununua la shilingi chache. Na mara tu ilipokuwa rahisi kuingia, tuliacha kubisha. Mtu anakuingiza kundini bila kukuuliza, na ukitoka wanasema umewadharau. Mwezi wa Novemba 2014 zikaja zile alama mbili za buluu. Mimi nasema, na kama nimekosea nirekebishwe, kwamba alama zile zimeharibu adabu kuliko matusi yote ya mtandaoni, kwa sababu zimemwondolea mtu haki ya Umar. Umar alikuwa ndani, ameshughulika, hakuitika, na Abu Musa akaenda zake kwa amani. Leo tunasema: amesoma, hajajibu, ana nini na mimi? Nimeshuhudia watu wawili wa saff moja msikitini hawapeani mikono baada ya swala kwa sababu ya alama za buluu. Mmoja alikuwa amempa mtoto simu achezee!

Halafu mwaka 2017 ikaja status ya picha. Kina mama wa pwani hawakuhitaji kufundishwa. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa mwaka 1887, yule mwenye kanga za Mali ya Abdulla, na kwa vizazi kadhaa mwanamke aliyekuwa na neno na jirani alinunua kanga yenye jina linalofaa akapita nayo mlangoni. Hakusema kitu, na mwenye kuelewa akaelewa. Status ni kanga. Tofauti ni kwamba mwenye kanga ilibidi aivae mwenyewe, apite kwa miguu yake, na pengine akutane na yule aliyemkusudia macho kwa macho. Wengi walifika mlangoni wakacheka yakaisha.

Nitakuwa dhalimu nisipotaja Ramadhan ya 2020. Misikiti ilifungwa kwa ajili ya korona, taraweh tuliswali sebuleni, kupeana mikono kumekatazwa. Nyanya alikuwa Mombasa na njia zimefungwa. Kila baada ya futari alipigiwa kwa video, akaona nyuso zetu, akatuuliza kwa nini mamangu amekonda. Mwaka ule simu ndiyo ilikuwa daka, hatukuwa na jingine. Na hata siku ya msiba wake, pesa za mazishi zilichangwa kwa M-Pesa kabla ya adhuhuri, na mama, ambaye asingeweza kufika kabla ya maziko ya alasiri, alizisikia dua za nyumbani kupitia simu iliyowekwa juu ya kabati.

Kwa hiyo kosa letu lilikuwa wapi? Nimerudi kwenye kisa cha Ummu Sulaym (R.A.). Mumewe Abu Talha alikuwa nje, mtoto wao mgonjwa akafariki. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaambia watu wa nyumbani wasimwambie mtu yeyote kati yao, mpaka yeye mwenyewe amwambie. Akampa chakula, akamwacha apumzike, kisha akamuuliza kwa upole: watu wakiazimwa kitu na wenyewe wakakitaka, wanaweza kukataa kukirudisha? Abu Talha alipojua alikasirika, akaenda kumshitakia Mtume (S.A.W.), naye akawaombea baraka. Nataja ile hasira kwa makusudi. Uchungu ulikuwepo vile vile. Ila alikuwa nyumbani kwake, ameshiba, na aliyemwambia alikuwa ni mwenye msiba mwenzake.

Mjomba wetu mkubwa aliweka kanuni kundini baada ya arubaini ya nyanya: mtu akifariki, hakuna kuandika mpaka wazee wathibitishe kwamba watoto na ndugu wa maiti wameambiwa, kwa mtu kwenda au kwa simu ya sauti. Wote wakaitikia kwa vidole gumba. Mwaka jana alipofariki mume wa mama mkubwa kule Malindi kanuni ilishika kama saa mbili. Kisha binamu mmoja aliye Ghuba akaweka status, picha nyeusi tupu, bila jina. Hakuvunja kanuni! Lakini watu hamsini wakaanza kuulizana ni nani, na ikawa yale yale.

Siku ya pili ya msiba wa nyanya alikuja dukani mzee mmoja wa Kimaasai, jirani yetu wa siku nyingi, ametembea tangu alfajiri. Ana simu ya kabambe, na kijana wake alikuwa ameshamwambia, hilo tulilijua. Alisimama nje mpaka akaitwa. Akakaa. Akasalimia, akauliza mbuzi, akauliza mvua, akaniuliza masomo. Kisha akamgeukia mama akamuuliza habari, kama mtu asiyejua lolote. Na mama akamwambia tangu mwanzo: jinsi mamake alivyoanza kuumwa, nani alikuwa naye, alisema nini usiku ule. Alieleza karibu nusu saa. Wateja walingoja. Nikiwa nimekaa pale juu ya gunia la mchele ndipo nilipotambua kwamba tangu jana, kati ya watu mia waliompa pole, huyu ndiye wa kwanza kumuuliza.

Mimi sasa nimejizoeza, nikitaka kuzungumza na mama, namfleshi kwanza kama walivyofanya wazee wetu mwaka 2001, nangoja anipigie mwenyewe akiwa amekaa. Hunipigia mara moja, hata kama duka limejaa. Nami husema asalaam aleikum mama, na kila mara huniuliza kwanza, "Kuna nini? Ni nani?" Namwambia hakuna kitu mama, ni salamu tu. Hunyamaza kidogo, namsikia anavuta kiti. Ndipo huniitikia salamu yangu.